Mwaka Nilioligeuza Ziwa

Mwezi uliopita walituita Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, sisi wanafunzi wa zamani, kumuaga Madam Chileshe ambaye anastaafu ualimu. Niliteremka kwenye basi pale Kashikishi, palepale Nchelenge, nikiwa na kitenge kipya na miwani ya kusomea ikining'inia kifuani, na kabla sijauliza njia nikasikia mwanamke akipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, kwa kile Kiswahili chao cha sokoni: "Odette! Wewe mwenye kugeuza ziwa!" Alikuwa Mwape. Zamani alikuwa kiranja wa darasa letu, mwembamba, shingo ndefu. Leo ni mama wa nguvu, mwenye majokofu ya samaki na vijana wa kumbebea, ila sauti ni ileile. Tulikumbatiana katikati ya barabara mpaka baiskeli za watu zikatuzunguka. Mtu akiniuliza nimefanya nini maishani, ninaweza kumtajia kazi yangu ya kupima viwanja, miaka yote niliyotembea na kamba na vigingi kutoka Mansa mpaka Chienge nikiwaonyesha watu shamba lao linaishia wapi. Pale Kashikishi hakuna anayeyajua hayo wala kuyajali. Pale mimi ni yule binti wa Congo aliyeligeuza ziwa, na sitajifanya mnyenyekevu, jina hilo nalipenda kuliko vyeti vyangu vyote. Usiku ule nililala nyumbani kwa Mwape, tukacheka hadi binti zake wakatugongea ukuta, na asubuhi nikaamka nimekata shauri kuuandika mwaka ule kama nilivyouishi.

Sitasimulia hapa jinsi tulivyovuka maji wala tulichokiacha ng'ambo. Hadithi hiyo nimewasimulia watu wa ofisi za wakimbizi mara nyingi mno, nayo imechoka. Nitaanzia kwenye chumba. Kilikuwa nyumbani kwa Bana Mulenga, yaani mama yake Mulenga, ingawa huyo Mulenga alikuwa ameshaoa na kuhamia mjini, na mama wa watu alibaki na nyumba ya matofali mabichi, jiko la nje na ulimi mkali. Alitupa chumba cha nyuma, mimi na mama, na mama alimlipa kwa kazi: kila asubuhi aliteremka ufukweni kuanika chisense, wale samaki wadogo weupe wanaovuliwa kwa taa na kukaushwa juu ya mchanga. Chumba kilinuka samaki, sisi tulinuka samaki, hata Biblia ya mama ilinuka samaki. Kuta za ndani hazikufika kwenye bati. Ziliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu, kwa hiyo neno lililosemwa sebuleni liliruka ukuta na kuangukia kitandani kwetu likiwa zima. Kibemba nilikijua tangu nyumbani, cha kuchezea na wenzangu. Kibemba cha watu wazima, chenye mafumbo na masengenyo, nilikijua kwa kulala chali na kusikiliza. Jioni tulikula pamoja uani, sahani moja ya sombe, majani ya muhogo, au samaki na donge moja kubwa la unga wa muhogo. Bana Mulenga aliliita ubwali, mama aliliita bukari, wakabishana jina la chakula kila siku huku wote wawili wakikimaliza.

Shule ilikuwa karibu, unafika kabla kandambili hazijapata joto. Mkuu wa shule, Bwana Mumba, alikuwa mtu mrefu wa mpangilio, kalamu zake zimesimama mfukoni kwa kufuata ukubwa. Alipotupokea alinipa kitabu cha Kiingereza akaniambia nisome. Nilikisoma kwa matamshi ya Kifaransa. Alikifunga taratibu, wala hakucheka, na hilo nilimshukuru. Akaamua kwamba kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi na mitano nitakaa gredi ya nane kwa majaribio. Mwisho wa mwaka ama ningepanda gredi ya tisa, ama ningerudishwa gredi ya tano nikajifunze Kiingereza pamoja na watoto wa miaka kumi. Mama aliniuliza njiani amesema nini hasa, nikamweleza. Akasimama.

"Sikia, mutoto yangu," akasema. "Mukubwa kama weye kukaa na batoto badogo, ile haina masomo, ile ni haya tupu. Kama banakurudisha, unaenda Kilwa kwa mama yako mudogo. Kule utajifunza kuuza samaki, ile njo kazi."

Mama mdogo huyo, Mama Yvonne, aliishi kisiwani Kilwa, humohumo ziwani kwetu, akinunua samaki kwa wavuvi na kuwavusha kuja Kashikishi. Hakuwa mtu mbaya. Alitupenda, alituletea samaki wakubwa, na kila alipokuja alinipima mabega kwa macho na kusema niko tayari kubeba. Mama naye hakuwa adui wa shule. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hupenda jambo linaloeleweka: samaki anaeleweka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sisi siku yetu ya tatu ilikuwa imepita zamani. Mimi lakini sikutaka Kilwa. Nililala nikiiona ile gredi ya tisa, dirisha lake lililotazama barabara, wasichana wake waliovaa tai, na niliitaka kwa tamaa ambayo hata leo naisikia tumboni nikiikumbuka.

Muhula wa kwanza ulinitoa jasho. Swali la hesabu niliweza kulijibu, ila kabla ya kulijibu ilinibidi nijue linauliza nini, na nilipokuwa nimejua kengele imelia. Madam Chileshe ndiye aliyetufundisha hesabu. Alikuwa kijana, ametoka Kitwe, msichana wa mji aliyekuja ziwani akakipenda kila kitu, hata mbu. Maneno yake alinisemea mara mbili, Kiingereza kisha Kibemba. Hapa nayaandika kwa Kiswahili ili tuelewane. Muhula wa pili alikuja na karatasi zenye miraba, akagawa, akachora msalaba mkubwa ubaoni. Ubao wetu haukuwa wa mbao, ulikuwa sehemu ya ukuta iliyopakwa rangi nyeusi. Mimi nilikaa nyuma kabisa, na mbele yangu alikaa Mwape na ile shingo yake.

"Fikirieni mko katikati ya ziwa, ndani ya mtumbwi," Madam akasema. "Hapo mlipo ni sifuri. Kila nukta ina namba mbili. Ya kwanza ni ya kwenda pembeni: chanya ni upande wa Nchelenge, hasi ni upande wa Congo. Ya pili: chanya mnaelekea Pweto, hasi mnaelekea Luapula. Mmeelewa?"

Nilielewa! Kwa mara ya kwanza tangu Januari nilielewa kila neno. Nchelenge, Congo, Pweto, Luapula: hakuna hata moja lililohitaji kamusi. Sikuhangaika tena kuchungulia ubao pembeni ya shingo ya Mwape. Nilichora msalaba wangu, nikaweka Luapula juu na Pweto chini, Congo kulia na Nchelenge kushoto, nikaanza kazi. Msomaji wa mbali na maji atashangaa, kwa hiyo nieleze. Kwetu sisi watu wa ziwa hili, juu ni kule maji yanakotoka. Mto Luapula unaingia ziwani upande wa Mwansabombwe, basi huko ndiko juu. Maji yanaondoka ziwani kupitia Pweto, basi huko ndiko chini. Mtu hupanda kwenda Luapula, hushuka kwenda Pweto. Na ukipanda na mtumbwi wako, Zambia iko mkono wa kushoto na Congo iko mkono wa kulia. Mvuvi hakufundishwa hivyo na mtu; mgongo wake ndio unaomwambia, kwa sababu kupanda kunauma. Tuliambiwa tuziweke nukta alizotusomea Madam, tuziunganishe kwa rula, na ingetokea nyumba. Yangu ilitokea, tena safi, mistari imenyooka. Ila ilikuwa imesimama kwa paa, mlango wake uko angani.

Mwape alikusanya karatasi. Alipofika yangu aliinua juu ili wote waone. "Hii ni nyumba ya Congo," akatangaza, "wanaingilia kwa ngazi!" Darasa likaangua kicheko. Kuna mvulana alicheka hadi akatoka nje. Nilikaa nimeikazia macho meza, masikio yakiwaka, na nikamchukia Mwape kwa moyo wangu wote, chuki ambayo ilidumu wiki kadhaa. Madam Chileshe aliwanyamazisha, akaniita wakati wa mapumziko, akaiweka karatasi kati yetu na kalamu nyekundu juu yake.

"Odette, nani alikufundisha kuanzia chini?"

"Nimefuata ziwa, Madam."

"Ziwa gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Hapa Luapula, hapa Pweto, hapa Congo, hapa tulipo sisi. Alitazama, akakunja uso, kisha akaishika karatasi kwa pembe mbili na kuizungusha nusu mzunguko. Nyumba ikasimama kwa miguu yake. Alizipitia nukta moja baada ya nyingine akilinganisha na zake, midomo ikihesabu kimya, halafu akaweka mkono mdomoni akacheka, kicheko kizuri ambacho hakikunikata.

"Hujakosa hata moja," akasema. "Mimi nimeleta mfano wa ziwa kwa watu wa ziwa, bila kuuliza wao wanalitazamaje. Lakini Odette, mtihani hausahihishwi na mvuvi. Kwenye karatasi za shule Pweto iko juu. Ya kwenu usiisahau, ila hapa niandikie ya shule."

Rahisi kusema. Mkono wangu ulikuwa umezoea, na kila nilipoona chanya mbili, chanya tatu, ulikimbilia upande wake. Nilihitaji mahali pa kuuzoeza, na karatasi zile zilikuwa za kuhesabika. Mahali nilipapata mchangani. Jumamosi moja nilichukua uzi wa nyavu chakavu na vijiti vya matete, nikaitandaza miraba juu ya kipande cha ufukwe cha mama, kigingi kimoja kikubwa katikati. Mama alifika na beseni kichwani akakuta mtego.

"Ni nini ile? Unataka nianguke?"

"Ni masomo, mama."

"Masomo ku samaki yangu?"

Aliniamuru ning'oe. Nikamwomba ajaribu siku moja tu. Chisense wana adabu yao: wakianikwa lazima wageuzwe kwa wakati, wale waliomwagwa mwanzo wageuzwe mwanzo, ukichelewa wanaungua juu na kuoza chini. Wanawake wote ufukweni walikuwa wanabishana kipande kipi kilitangulia. Mama alimwaga samaki wake mraba kwa mraba, akanuna, akaketi kivulini. Baada ya muda nikasikia anaita: "Odette! Geuza ile ya mbili mukono wa Congo, tatu kwa kupanda!" Nikaruka. Kufikia mwisho wa mwezi hakuweza tena kuanika bila nyuzi zangu, na alizisifu mbele ya wanawake wengine kana kwamba wazo lilikuwa lake. Ila kwa jambo moja hakukubali kabisa. Nilimwambia kwamba shuleni Pweto iko juu, hivyo ile anayoiita mbili mkono wa Congo, tatu kwa kupanda, shuleni inaitwa hasi mbili, hasi tatu.

"Minus ya nini?" akasema mama. "Samaki iko, unaiona. Ile muntu ya masomo yenu anapandaka kwenda Pweto? Maji itamucheka."

Basi ikawa hivyo muhula mzima. Mama aliketi na kuita nukta zake kwa njia ya ziwa. Mimi nilisimama kwenye kigingi, nikazigeuza kichwani kuwa za shule, nikazisema kwa Kiingereza kwa sauti, ndipo nikakimbia. Kulia ikawa kushoto, juu ikawa chini, namba zote mbili zikabadili alama kabla mguu haujagusa mchanga. Mwanzoni nilikosea, nikageuza samaki wasiohusika, nikatukanwa. Baadaye sikuhitaji tena kufikiri. Na Mwape, aliyekuja siku moja kununulia nyumbani kwao samaki, alisimama akatazama mchezo ule, akaomba ajaribu, akaangukia nyuzi, akarudi kesho yake. Ndipo chuki yangu ilipokufa. Mtu hawezi kuendelea kumchukia aliyejaa mchanga mdomoni.

Oktoba, joto limekaza, tulikuwa chumbani jioni mimi na mama tukisubiri maji ya kuoga yapate moto. Sebuleni tukasikia sauti ya Bwana Mumba. Alikuwa amekuja kununua chisense wa kumpelekea dada yake. Bana Mulenga alimpa kiti, akamuuliza habari za shule kama ilivyo adabu, na yeye akajibu kuliko alivyoulizwa.

"Yule binti wa chumba chako cha nyuma, Bana Mulenga, Januari nitamrudisha gredi ya tano."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Kiingereza chake ndiyo hicho. Madam Chileshe anamtetea kwa grafu, anasema ana kipaji. Mtoto akizikariri nukta kama katekisimu, hicho ni kipaji? Nikimpeleka gredi ya tisa akaanguka mtihani, nitakuwa nimemsaidia au nimemwaibisha?"

"Wewe ndiye mwalimu, mukwai, mimi ni mtu wa samaki," Bana Mulenga akasema, akimpa lile neno la heshima la Kibemba. "Lakini hata samaki simkatai kabla sijamfunua mashavu."

Kisha Bwana Mumba akasema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa kidogo: "Haya. Siku ya wazazi nitamfunua mwenyewe, mbele ya wote. Akiweza, atapanda. Akishindwa, tusilaumiane."

Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani, amesikia yote. Alinitazama. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Donc, basi, mi natuma neno Kilwa. Mama Yvonne akuye ile siku. Kama umeshinda, sawa. Kama hapana, unapanda mashua palepale. Sitaki ulie nyumbani." Alisema bila hasira, akatoka kwenda kutazama maji yake. Nami nikabaki nikiwaza kwamba nina huo muhula mmoja uliobaki, na kwamba safari hii sitasubiri kuulizwa. Nitakuja na nukta zangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshajua nitachora nini.

Siku ya wazazi darasa letu lilijaa mpaka madirishani. Wavuvi walikuwa wameoga na kuvaa mashati ya kanisani. Bana Mulenga alikaa mbele na mwavuli. Mama alisimama karibu na mlango, kwa sababu aliona kukaa ni kama kukubali mapema. Wenzangu waliimba, wakasoma, wakapigiwa makofi. Kisha Bwana Mumba akaniita mbele. Madam Chileshe akaomba ruhusa niziseme nukta nilizozitunga mwenyewe, na Mwape aziweke ubaoni. Mkuu akakubali, kwa sharti kwamba niupe ubao mgongo na mikono yangu iwe mitupu. Nikageuka. Nikaona nyuso zote, na nyuma yao mlango, na mlangoni mama. Nikapiga moyo konde nikaanza, kwa Kiingereza kile nilichokifanyia kazi mchangani: hasi mbili, hasi nne. Sifuri, hasi tatu. Mbili, sifuri. Nne, tatu. Moja, tano. Hasi mbili, moja. Hasi tano, hasi mbili. Unganisha, rudi ulikoanzia. Halafu ndani yake nukta moja peke yake: hasi tatu, hasi mbili.

Nilisikia chaki ya Mwape inakwaruza, inatulia, inakwaruza. Sikuona kitu isipokuwa watu. Mwanzo walikuwa na ile heshima ya wazazi wasioelewa. Halafu mzee mmoja akainamisha kichwa begani. Mwingine akamgusa jirani yake. Ile nukta ya mwisho ilipowekwa, mwanamke wa dirishani akapiga kelele: "Kilwa! Kile ni Kilwa!" na darasa zima likapasuka. "Mweru!" "Pale Mununga, kwenye ile kona!" "Na hapa ndipo sisi!" Watu walisimama, wakanyoosha vidole, wakagombana ni wapi hasa alipozaliwa nani. Ziwa lao, ambalo walikuwa wamelipiga makasia maisha yao yote, lilikuwa limetoka mdomoni mwangu na kukaa ukutani. Nilitamani kugeuka kulitazama, nikajizuia.

Ndipo akasimama Bashi Mwape, baba yake Mwape, mvuvi wa kifua kipana. "Mukwai, mkuu wa shule," akasema, "limechorwa vizuri, lakini limesimama kwa kichwa. Pweto haiko juu. Nimetoka huko juzi, nimepanda, mgongo bado unauma." Wavuvi wakaunga mkono kwa kishindo. Mmoja akashauri ubao ugeuzwe. Akaambiwa ubao ni ukuta. Vicheko vikawa vingi, na ndani ya vicheko hivyo nikamwona Bwana Mumba ananitazama kwa namna mpya, kama mtu aliyepata alichokitafuta. Akainua mkono, wakanyamaza.

"Bashi Mwape analitaka ziwa lake kama analolijua," akasema. "Odette, mgeuzie. Namba zilezile, sasa hivi, na mgongo wako ubaki hapo ulipo. Kama ulizikariri, tutajua."

Madam Chileshe alifumba macho. Mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Muhula mzima nilikuwa nimeshinda juani na mwanamke mkaidi aliyekataa katakata kupanda kwenda Pweto. Hili lilikuwa la kwetu, la kila siku. Sikungoja hata Mwape amalize kufuta. Mbili, nne. Sifuri, tatu. Hasi mbili, na hapo Bwana Mumba akanikata: "Sifuri yake je? Nayo inakuwa hasi?"

"Hapana, sir," nikasema. "Sifuri ni kigingi. Vingine vyote vinazunguka, yenyewe inabaki." Nikaendelea: hasi mbili, sifuri. Hasi nne, hasi tatu. Hasi moja, hasi tano. Mbili, hasi moja. Tano, mbili. Na Kilwa, tatu, mbili. Nilizisema kwa kasi iliyomfanya Mwape alalamike kwa sauti, watu wakamcheka, akakimbiza chaki, na alipounganisha mstari wa mwisho Bashi Mwape akapiga paja lake kofi. "Sasa hilo!" akanguruma. "Hilo ndilo ziwa! Mtoto, ukitaka mtumbwi njoo kwangu!" Wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, Bana Mulenga akaufungua mwavuli wake ndani ya nyumba na kuuzungusha. Hapo ndipo nilipogeuka. Lilikuwepo ukutani, Luapula juu, Congo kulia, kisiwa mahali pake, na pembeni vumbi la lile jingine lililofutwa. Nilifurahi kama ambavyo sijafurahi tena, na nimeolewa, nimezaa, nimejengewa nyumba.

Bwana Mumba alikuja mbele akanipa mkono mbele ya watu. "Kiingereza chako bado kinachechemea," akasema kwa Kibemba, taratibu, ili hata wa dirishani wasikie, "lakini hakuna cha kukufanya urudi nyuma. Gredi ya tisa." Tukiagana mwezi uliopita Madam Chileshe aliniambia kwamba mkuu yule, siku hiyo, alibaki peke yake darasani baada ya wote kuondoka, akizungusha kichwa mbele ya ubao kama kuku.

Mama hakupiga kigelegele. Nilimkuta nje, ameshaanza kutembea kuelekea ufukweni, nikamkimbilia. Hakuniuliza kitu wala hakunishika mkono. Alitembea haraka, kitenge amekikaza, na nilidhani amekasirika. Pale kwenye maji mashua ya Mama Yvonne ilikuwa imefika, injini imezimwa, abiria wa Kilwa wameketi na mizigo yao wakisubiri. Mama Yvonne alisimama katikati yao, ametenga nafasi pembeni yake.

"Iko wapi mizigo ya mutoto?" akauliza. "Tuende, upepo inakuya."

"Mutoto haendi!" mama akajibu. Mashua ilikuwa karibu kiasi cha kuishika, lakini aliita kana kwamba iko Pweto, na wanawake wote wa chisense wakainua vichwa.

"Haendi sababu gani? Tulisema."

"Iko na masomo! Gredi ya tisa! Anajua ziwa yote, ya kupanda na ya kushuka!"

"Lakini, dada, nimekwisha kumutandikia kitanda."

"Lalia weye!" mama akasema, na ufukwe mzima ukacheka, na Mama Yvonne mwenyewe akacheka. Kisha mama akaingia majini mpaka magotini, na kitenge chake cha kanisani, akaiegemea mashua kwa mikono miwili na kuisukuma irudi Kilwa.